Santuri zipi za kuokoa ukilazimika kukimbia nyumba: mwongozo kwa wakusanyaji

Siku ya kukimbia si siku ya kuchagua. Amri ya kuhama ikitoka, iwe mto umefurika au moto wa msituni unasogea, mtu anasaka watoto, dawa, vitambulisho na funguo za gari. Atakayeanza kupekua rafu yenye santuri mia tano wakati huo ataondoka na zile zilizokuwa karibu na mkono tu, au atachelewa kuondoka. La kwanza ni hasara, la pili linaua.

Kwa hiyo kazi yote iliyoelezwa hapa inafanywa mapema, nyumba ikiwa salama, mchana, chai ikiwa mezani. Siku yenyewe inabaki kazi moja: kushika begi na kutoka.

Kabla ya hatua zenyewe, nieleze kanuni ninayoifuata, kwa kuwa wengi wataipinga mwanzoni. Usianze na santuri unayoipenda kuliko zote. Anza na ile isiyopatikana tena. BBC ina kipindi cha redio kilichoanza 1942 ambamo mgeni huchagua rekodi nane za kwenda nazo kisiwani, kisha huulizwa angeokoa ipi moja endapo mawimbi yangezisomba. Ni swali tamu la mazungumzo, maana linapima mapenzi. Kwenye dharura ya kweli linapotosha. Santuri unayoipenda sana kwa kawaida ndiyo hiyo hiyo iliyopendwa na mamilioni, ikachapwa kwa wingi, ikarudiwa kuchapwa, na leo inauzwa kila mahali. Ikiungua utalia, halafu utanunua nyingine. Kuna nyingine pembeni yake, yenye jalada lililochakaa na jina asilolijua mtu, ambayo ikiungua sauti iliyomo imetoweka duniani.

Hatua ya 1: Jua una dakika ngapi

Moto ukiwa tayari ndani ya nyumba, idadi ya santuri za kuokoa ni sifuri. Nalisema hili nikiwa mtu ninayezipenda. Santuri za kisasa zimetengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, na PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka asidi. Chumba chenye rafu ya santuri zinazoungua ni miongoni mwa vyumba vibaya kabisa kurudi. Na hata ukikifikia, huenda hakuna cha kuokoa: PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, wakati karatasi ya jalada haijabadilika hata rangi. Jalada linabaki zima, ndani yake santuri imepinda haichezeki tena. Toka, funga mlango nyuma yako, piga simu zimamoto ukiwa nje.

Ukiwa na dakika kumi hadi ishirini, unachukua begi moja lililopangwa tangu zamani. Hupekui, huongezi, huitazami rafu.

Ukiwa na saa kadhaa, kama mara nyingi inavyokuwa kwenye onyo la mafuriko, begi linatangulia garini, yanafuata makasha kwa mpangilio uliouandika, na muda unaobaki unautumia kuziinua zile zisizokwenda. Ukiwa na siku nzima, hamisha kila unachoweza kwenda kwa mtu anayekaa mahali pa juu na pakavu, na uanze asubuhi hiyo hiyo. Maonyo mengi hufupishwa njiani: walisema kesho, wakaja na gari la matangazo jioni.

Hatua ya 2: Chambua kwa swali moja, je, itapatikana tena?

Hii ndiyo hatua yenyewe. Itengee jioni kadhaa, si moja.

Anza na zile zilizo peke yake duniani, yaani santuri za asetati. Hizi hazikuchapwa kiwandani. Zilikatwa na mashine papo hapo, mtu akiwa anaimba au anasema. Zilitumika sana kuanzia miaka ya 1930 hadi kanda za sumaku zilipoenea. Vituo vya redio vilirekodi hotuba na vipindi juu yake, wanamuziki walipewa moja kusikiliza kazi yao kabla haijachapwa, na kulikuwa na vibanda ambamo mtu alitia sarafu, akasema na mama yake au mchumba wake kwa muda mfupi, akatoka na kisahani cha kutuma kwa posta. Wako wanajeshi wa vita vya pili vya dunia ambao sauti zao zilifika nyumbani kwa njia hiyo. Kama familia yako ina kisahani cha namna hiyo, hakuna duka wala mnada utakaokurudishia.

Kuitambua asetati hakuhitaji utaalamu. Ishike kwa ukingo, uinamishe chini ya taa. Chungulia tundu la katikati: kwenye nyingi utaona mng'ao wa chuma, kwa sababu kiini chake ni bamba la alumini lililopakwa tabaka la nitroselulosi. Wakati wa vita alumini ilipokwenda viwanda vya silaha, baadhi zilitengenezwa kwa kiini cha kioo, na hizo zikianguka hazina tiba. Karibu na tundu la katikati, wakati mwingine chini ya lebo, huwa kuna vitundu vingine vidogo vilivyoishikilia isiteleze wakati wa kukatwa. Lebo imeandikwa kwa mkono au kwa taipu: jina, tarehe, pengine neno moja tu. Ukiona utando mweupe wenye mafuta juu yake, usidhani ni vumbi. Ni vilainishi vinavyotoka ndani ya tabaka, na tabaka linalopoteza vilainishi husinyaa, hupasuka na kubanduka kutoka kwenye bamba. Asetati yenye utando huo ipande juu kabisa ya orodha, na ihamishiwe kwenye kompyuta hata kama hakuna dharura inayonukia, kwa kuwa inakufa ikiwa imesimama rafuni.

Zinafuata zilizochapwa chache. Hapa wakusanyaji wengi hupitiwa, kwa sababu santuri hizi hazina sura ya hazina. Ni kwaya iliyochapa nakala mia tatu za kuuza kwenye mahafali. Ni bendi ya mji mdogo iliyojilipia yenyewe. Ni hotuba za kisiasa, masomo ya lugha, ngano za watoto, sauti za ndege, mahubiri, lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya santuri, iliyodumu miaka miwili ikafunga milango. Hakuna kampuni itakayoona faida ya kuzichapa upya, na mara nyingi hata kanda mama, yaani rekodi ya asili iliyotumika kuchapia nakala, haijulikani iko wapi. Santuri ya aina hii ikiwa imekwaruzika, isikushawishi kuitupa nje ya orodha. Kampuni ya Paramount ya Wisconsin, Marekani, ilirekodi waimbaji wengi wa bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi, miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, kisha ikafa na vibao vyake vya chuma vya kuchapia vikapotea. Kazi nyingi za waimbaji hao tunazisikia leo kutoka kwenye santuri zilizochakaa walizokuwa nazo watu majumbani, na baadhi zimebaki nakala moja au mbili tu. Kelele zote zile za mikwaruzo, na bado hiyo ndiyo sauti pekee iliyopo.

Na usijipe moyo kwamba kampuni kubwa lazima inayo kanda mama. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliunguza jengo la kuhifadhia kanda katika eneo la Universal Studios, Hollywood. Umma ulikuja kuelewa uzito wa hasara ile mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipochapisha habari zake, na hata leo kiasi hasa kilichoungua kinabishaniwa. Kwa mkusanyaji somo ni la moja kwa moja: nakala iliyouzwa dukani inaweza siku moja kuwa chanzo bora kilichobaki.

Kundi la tatu ni santuri za shelaki, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Kama rekodi iliuzwa kabla ya 1948, mwaka ambao kampuni ya Columbia ilileta LP, santuri ndefu ya plastiki ya mizunguko 33 kwa dakika, tarajia kuwa ni shelaki. Nyingi hazijawahi kuhamishiwa kwenye umbo lingine lolote, hasa za lugha na mitindo isiyokuwa na soko kubwa. Ni nzito, na huvunjika kama sahani ya udongo. Usizibebe zote. Zipitishe kwenye hatua ya tatu, ubakize zile tu ambazo huoni dalili yake kwingine.

Chapa za majaribio, zenye lebo nyeupe, zilizotolewa chache ili kukagua ubora kabla ya kuchapwa kwa wingi, zinaingia kama muziki wake ulibadilishwa baadaye au haukutoka kabisa. Kama ni sawa na toleo la dukani, zina thamani ya mnadani tu.

Halafu kuna santuri ambazo muziki wake unapatikana popote, lakini kitu chenyewe hakipatikani. Marehemu baba yako aliandika jina lake na tarehe kwenye kona ya jalada. Mwimbaji aliitia sahihi mbele yako. Bibi aliichora kwa kalamu ya risasi alipokuwa msichana. Hizi nazipa nafasi begini bila kusita. Jalada linaweza kuwa ndilo linalookolewa, na santuri ya ndani ikawa abiria.

Vipi kuhusu zile za bei kubwa? Hapa nina msimamo mkali kidogo. Bei kubwa si sawa na kutopatikana. Chapa ya kwanza ya albamu mashuhuri inaweza kugharimu pesa nyingi na bado ukakuta kumi zinauzwa wiki hii hii. Hilo ni suala la pesa, na suala la pesa hutatuliwa na bima. Iandike, ipige picha, ikatie bima, nafasi ya begini uiachie sauti ambayo fidia haiwezi kuirudisha. Kama hukatii bima na santuri hizo ndizo akiba yako, hapo mambo yanabadilika: ziweke kwenye kasha la pili, ukijua unaokoa pesa.

Mwisho wa uchambuzi, jipe nafasi tano za mapenzi matupu. Tano, zisizohitaji sababu. Mtu aliyepoteza nyumba anahitaji kitu cha kusikiliza wiki ile ya kwanza ugenini, na sidhani ni haki kumwambia asikilize mahubiri ya 1956 kwa kuwa ni adimu.

Hatua ya 3: Hakikisha unachokidhani

Kumbukumbu hudanganya, na wauzaji hutia chumvi. Kila santuri uliyoiweka juu ya orodha, ithibitishe.

Namba iliyo mgongoni mwa jalada haitoshi, kwa sababu namba moja inaweza kutumika kwa chapa nyingi za miaka tofauti. Toa santuri, washa tochi ya simu, uilaze ili mwanga upite kwa ubavu juu ya ule ukanda mtupu ulio kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Utaona herufi na tarakimu, nyingine zimegongwa kwa mashine, nyingine zimechorwa kwa mkono wa fundi aliyeikata. Ziandike zote kama zilivyo, upande A na upande B, pamoja na alama ndogondogo zinazoonekana hazina maana. Hizo ndizo zinazotofautisha chapa na chapa.

Ukiwa nazo, zitafute kwenye Discogs, hifadhidata ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2000, inayojengwa na wakusanyaji wenyewe. Kila toleo huonyesha ni watumiaji wangapi wamesema wanalo na kama lipo sokoni. Wakiwa maelfu, punguza wasiwasi. Wakiwa wachache sana, au toleo halimo kabisa, lipandishe.

Kisha tafuta muziki wenyewe kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni na YouTube, wimbo kwa wimbo, kwa jina la mwimbaji na pia kwa jina la wimbo. Usiridhike kukuta upande A. Upande B wa santuri ndogo za mizunguko 45 ndio unaoachwa mara nyingi wanapokusanya nyimbo kwa matoleo mapya, na kuna nyimbo ambazo haziko popote isipokuwa huko nyuma. Kama ulichokikuta mtandaoni ni nakala iliyopakiwa na mtu binafsi kutoka kwenye santuri yake, ihesabu kama nusu ya usalama: inaweza kufutwa kesho.

Hatua ya 4: Pima, kisha kata

Santuri ni nzito kuliko zinavyoonekana. LP moja ya sentimita 30 pamoja na jalada lake ina gramu 250 hivi. Arobaini ni kilo kumi, na kilo kumi ndizo mtu mzima wa kawaida anaweza kuzibeba kwa mkono mmoja ngazini huku mkono wa pili umeshika mtoto. Mita moja ya rafu iliyojaa inazidi kilo hamsini. Ile ndoto ya kuhamisha rafu nzima kwa dakika kumi iache leo.

Santuri ndogo za mizunguko 45 zina gramu arobaini hivi kila moja bila jalada, kwa hiyo mia moja ni mzigo mwepesi. Kama mkusanyo wako una nyingi adimu za umbo hilo, begi lake ndilo linalookoa sauti nyingi zaidi kwa kila kilo. Seti za makasha, yaani santuri kadhaa zinazouzwa pamoja ndani ya kasha moja, ni kinyume chake: toa santuri na kitabu chake, kasha liache.

Kikomo changu ni LP arobaini kwa begi la kwanza. Orodha ikifika sitini, zilinganishe mbili mbili: hii ikibaki, dunia inapoteza nini? Na hii? Zikilingana kabisa, chukua iliyo katika hali nzuri zaidi. Inauma, lakini inauma kidogo ukiwa umekaa kuliko ukiwa unakimbia. Zilizokatwa zinaingia kasha la pili, nalo liwe na orodha yake.

Hatua ya 5: Begi liishi tayari

Wengine hubandika vibandiko vyekundu kwenye migongo ya majalada ili wazichomoe siku ikifika. Sikubaliani nao. Kwenye giza na moshi, umeme umekatika, vibandiko arobaini vilivyotawanyika rafuni ni kazi ya dakika nyingi. Zikae pamoja, ndani ya begi lenyewe, na ukitaka kusikiliza moja uitoe na kuirudisha humo humo.

Begi liwe la mraba lenye kuta ngumu, santuri zisimame wima bila kulegea wala kubanana. Kila moja iwe ndani ya mfuko wa plastiki wa nje. Asetati zikae katikati ya begi, kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu. Shelaki zitenganishwe na LP kwa kitambaa kinene au sponji, na zisiwe za mwisho pembeni ambako begi hugonga ukuta. Begi lote liingie kwa urahisi ndani ya mfuko mkubwa usiopitisha maji, na mfuko huo ukae umekunjwa juu yake.

Liweke kimo cha kiuno, karibu na mlango unaotumia kutokea. Si chini sakafuni ambako maji huanzia, wala juu ya kabati, wala chumba cha chini ya ardhi. Lisikae kwenye jua la dirishani au kando ya hita.

Ndani yake tia karatasi iliyofunikwa plastiki: namba yako ya simu, ya mtu wa pili, na maelekezo mafupi kwa asiyezijua, kama "Zisimame wima. Zisiachwe juani. Usiguse sehemu yenye mistari." Huenda atakayelibeba si wewe. Ndiyo maana kila mtu mzima nyumbani aonyeshwe lilipo, na akubali kwa mdomo wake kwamba watu, wanyama wa nyumbani, dawa na hati hutoka kwanza. Anayebeba begi awe amekwisha maliza zamu yake ya hayo. Libebeni siku moja mpaka kwenye gari muone kama linabebeka.

Santuri mpya ikistahili kuingia, nyingine itoke. Begi likivimba mpaka halinyanyuki, umerudi ulikoanzia.

Hatua ya 6: Daftari na nakala za sauti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tengeneza jedwali lenye msanii, jina, lebo, namba, maandishi ya ukanda mtupu, hali yake, na mahali ilipo: begi, kasha la pili, au rafu. Kama umezisajili Discogs, unaweza kupakua orodha yako yote kama faili. Piga picha jalada mbele na nyuma, lebo zote mbili, na sahihi au maandishi yoyote. Kwa rafu zilizobaki, video moja ya polepole inayosomeka migongo ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Hifadhi nakala nje ya nyumba, kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwa ndugu wa mbali. Mtu wa bima asome mkataba wako nawe: mingi huweka ukomo kwa mikusanyo isiyotajwa kwa jina.

Kuhamishia sauti kwenye kompyuta ni uokoaji wa kweli kuliko begi lolote. Anza na kundi la kwanza, kisha la pili. Rekodi kwa faili za WAV, biti 24 na kilohezi 96 kama vifaa vyako vinaweza, bila kusafisha kelele. Usafishaji fanya kwenye nakala, faili ya awali ibaki jinsi ilivyo. Shelaki zina mifereji mipana na zinataka sindano pana zaidi kuliko ya LP. Asetati usiicheze kwa majaribio, maana kila mzunguko wa sindano unakwangua tabaka lake. Mpelekee fundi wa hifadhi ya sauti au idara ya nyaraka inayofanya kazi hiyo, icheze mara moja, vizuri.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Watu, hati, dawa, begi. Garini begi lisimame sakafuni nyuma ya kiti, si kwenye buti, wala pale nyuma chini ya kioo. Gari lililofungwa juani linaweza kuzipinda santuri zilizokwisha kupona moto. Ukifika kambini au kwa wenyeji, kitu cha kwanza kushuka baada ya watu kiwe hilo.

Muda ukiruhusu kabla ya kuondoka, zilizobaki ziinue kutoka rafu ya chini hadi juu ya meza au kitanda, zikiwa wima, ufunike kwa turubai au plastiki, ufunge milango ya ndani yote. Mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi sana.

Hatua ya 8: Ukirudi

Usiingie mpaka mamlaka iseme ni salama, na uvae glavu na barakoa inayochuja chembe.

Santuri ya PVC huvumilia maji. Karatasi haivumilii: ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Kwa hiyo ondoa santuri kwenye majalada yaliyolowa, lakini kabla ya kutenganisha piga picha ya kila jozi, la sivyo utabaki na fumbo. Asetati kwanza, kwa kuwa maji hubandua tabaka lake haraka. Kisha shelaki, kisha PVC. Suuza tope kwa maji safi ya baridi, ukifuata mzunguko wa mifereji kwa sponji laini bila kukandamiza, na umalizie kwa maji yaliyokenekwa yasiyoacha chumvi. Spiriti isiguse shelaki wala asetati: shelaki huyeyuka ndani yake. Lebo iliyolowa usiisugue. Zisimamishe kwenye kichanja kama cha vyombo, kivulini, penye hewa inayopita. Mashine ya kukaushia nywele hapana.

Majalada yatandaze yakiwa na karatasi nyeupe ya kufyonza kati yake, ukiibadilisha kila inapolowa. Yakiwa mengi kuliko nafasi, yale ya thamani yafunge kwenye plastiki uyagandishe kwenye friza. Ukungu utasimama mpaka upate muda. Santuri zenyewe usizigandishe.

Masizi ya moto yana mafuta, kwa hiyo kitambaa chenye maji huyapaka tu na kuyasukuma ndani ya mifereji. Yaondoe kwanza yakiwa makavu kwa brashi laini sana, nje ya nyumba, kisha ndiyo uoshe. Iliyopinda usiitie oveni wala kuipiga pasi. Iweke kando uonane na mtaalamu.

Usiweke sindano juu ya santuri yoyote mpaka iwe safi na kavu kabisa, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya sindano hukata mfereji moja kwa moja. Na ile ya kwanza kurudi kwenye mashine, kama haikuwahi kuhamishiwa kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kurekodi kabla hujashusha mkono wa sindano.